Direktrisi wa Nyumba ya Ufukweni

Nilimjua Direktrisi siku alipokataa ndagala wangu, dagaa wa ziwani, mbele ya watu. Habari za ukoo wake sitazisimulia, maana mwenyewe hakupenda kuulizwa, na aliyemuuliza alirudishiwa swali la hesabu. Mji wetu wa Kalemie ulimwita hivyo tu, Direktrisi, ingawa alikuwa amestaafu zamani na ile shule ya msingi aliyoiongoza ilikuwa mikononi mwa wengine. Hata mkwe wake alimwita Direktrisi. Nadhani hata kasisi alipomwombea alimtaja kwa cheo, asije Mungu akamchanganya na mtu mwingine.

Siku hiyo nilikuwa na beseni kichwani, napita mbele ya nyumba yake ya wageni, ile iliyo ufukweni kwenye njia ya kwenda Kabimba. Alinisimamisha, akamchukua ndagala mmoja kwa vidole viwili, akamlaza kiganjani, akavaa miwani.

“Huyu alikuwa na umri gani?”

“Direktrisi, samaki iko na umri?”

“Huyu ni mutoto. Hakufika hata mwaka wa kwanza. Mulimuvua na chandarua ya mbu, si kweli?”

Ilikuwa kweli. Wanawake wenzangu waliokuwa wakipita walicheka, nami nikaondoka nimevimba. Wiki iliyofuata nikarudi na mikebuka wanene kama mkono wangu, kwa kiburi tu, nimwonyeshe kwamba mimi si muuzaji wa watoto wa samaki. Akawakagua mmoja mmoja, akageuza hata matamvua yao. Kisha badala ya kuniomba msamaha akaniuliza, “Unajua kupika?” Ndivyo nilivyoingia jikoni mwake, nikakaa humo miaka tisa.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vinne na baraza pana inayotazama maji. Wakati wa likizo zilikuja familia kutoka Lubumbashi kutafuta upepo wa ziwa. Mwisho wa juma walikuja wafanyakazi wa saruji kutoka Kabimba, na katikati ya wiki wafanyabiashara waliokuwa wakingoja boti ya Kigoma. Nilipoanza kazi, ilikuwa kama nyumba nyingine zote za ufukweni. Jenereta, ambayo sisi tunaiita grupu, ilinguruma nyuma ya jiko. Chupa za plastiki zililala chini ya ukuta. Maji ya sabuni yaliteremka kwa mfereji mpaka ziwani, na hakuna aliyeyaona kama kosa.

Alivyobadilika, alinieleza mwenyewe mara nyingi, na kila mara alisimama ili anionyeshe kwa mwili. Mgeni mmoja, mama mpole, alimuuliza wakati wa chai ya asubuhi maji ya kupikia yanachotwa wapi. Direktrisi akanyoosha mkono kuelekea ziwani. Yule mama akauliza tena: na maji machafu yanakwenda wapi?

“Mama Riziki,” aliniambia, mkono ukiwa umenyooka, “sikuwa hata na haja ya kuusogeza.”

Tangu siku hiyo hatukupumzika. Kwanza iliondoka grupu. Fundi mmoja aliyekuwa na njia zake Kigoma alimletea paneli za jua na betri kwa boti, akaichukua grupu, na jirani zetu wakasema sasa Direktrisi amezeeka kweli. Jioni ya kwanza taa zilikuwa hafifu, za rangi ya maziwa. Mhandisi mmoja wa Kabimba, mteja wetu wa siku nyingi, aliingia chumbani, akatoka.

“Direktrisi, klima yangu iko wapi? Ile mashine ya baridi?”

“Iko pale pale, Papa.” Akaingia naye, akafungua dirisha la upande wa ziwa. “Hii njo ya kuingiza.” Akafungua la upande wa mlima. “Na hii njo ya kutoa.”

Mhandisi alicheka mpaka akaketi kitandani. Alilala vizuri, akarudi mara nyingi, lakini nakumbuka pia wawili waliobeba mizigo yao saa ile ile na kwenda kutafuta nyumba yenye kelele. Direktrisi aliwasindikiza mpaka barabarani, akawatakia usiku mwema, akarudi akisema kwamba wanafunzi wa namna hiyo huwa wapo katika kila darasa.

Hapo ndipo tatizo lake lilipokuwa, ikiwa ni tatizo. Hakujua kuwa na wageni. Alijua kuwa na wanafunzi. Aliweka pipa kubwa la kukinga mvua kutoka kwenye bati, akatoboa ukuta wa bafu, akapitisha bomba ili maji ya kuoga yaende kwenye migomba badala ya ziwani. Kazi safi kabisa, hata leo naisifu. Lakini baada ya hapo alisimama asubuhi kati ya migomba, ameshika kiuno, anayatazama maji yanavyotoka, na mgeni akizidisha alisikia sauti nje ya ukuta:

“Inatosha, Mama! Migomba imeshiba!”

Kuna dada mmoja wa Lubumbashi, mwenye nywele nyingi, aliyetoka bafuni na povu nusu ya kichwa, akaniuliza kwa kunong'ona kama yule bibi wa migombani ni mzima. Nikamwambia ni mzima kuliko sisi sote, na nikamsuuza kwa kikombe nyuma ya jiko.

Halafu kuna mambo ya yule pasta. Alikuja kwa mkutano wa maombi, mtu mkubwa mwenye sauti nzito, na asubuhi akateremka ziwani na sabuni yake kama watu wote wanavyofanya tangu zamani. Direktrisi akamfuata. Alimkuta maji yakiwa kifuani, kichwa cheupe kwa povu.

“Papa Pasta, sabuni haiingie humu. Utoke, tutakupa ndoo.”

“Mama, niko uchi.”

“Miye nilizaa watano na nilifundisha miaka thelathini. Utoke.”

Pasta hakutoka. Direktrisi naye hakuondoka. Alichukua taulo la pasta kutoka kwenye jiwe, akalikalia, akatoa kitambaa chake cha kufuma. Wakakaa hivyo, mmoja majini na mmoja mchangani, mpaka pasta aliponiita mimi kwa sauti ambayo haikuwa nzito tena, niwaletee ndoo na pazia. Jumapili alihubiri juu ya uvumilivu, na muda wote alilitazama benchi letu.

Wageni walipoondoka aliwapa bulteni, karatasi ya alama kama ya mwanafunzi. Sifanyi mzaha. Alikuwa amebakiwa na karatasi za shule, akazijaza kwa mwandiko wake wa kulala: Maji. Taa. Takataka. Adabu. Chini aliandika maoni. “Ana akili lakini anaacha taa.” “Mtoto mdogo amewashinda wazazi.” Mfanyabiashara mmoja wa Kigoma aliandikiwa kwamba arudie mwaka. Aliisoma barazani kwa sauti, akampigia mkewe simu, akaisoma tena. Likizo iliyofuata alileta familia nzima, akawagombeza watoto wake juu ya maji kuliko hata Direktrisi mwenyewe, na alipopewa karatasi iliyosema amepita, alimkumbatia. Direktrisi hakupenda kukumbatiwa. Alisimama wima kama mlingoti wa bendera mpaka ikaisha.

Neno lake kubwa lilikuwa “Wapi?” Ukisema, “Direktrisi, hii naitupa,” anauliza, “Wapi?” Unasema nje. “Nje wapi?” Unasema kule bondeni. “Na mvua ikinyesha, bondeni inakwenda wapi?” Sasa mkono wako unaelekea ziwani na wewe unajiona mjinga. “Hakuna kutupa, Mama Riziki,” alisema. “Kuko kuhamisha tu.”

Ukweli wenyewe ni kwamba kuhamisha kulimshinda hata yeye. Aliwakataza wageni kuleta chupa za plastiki, lakini zilizokuja hakuzitupa, na kwa kuwa mjini hakuna mahali pa kuzipeleka, alizihifadhi. Alianza kuziweka chini ya kitanda chake. Baadaye zikaingia chumba namba nne, kilichokuwa chumba kizuri kuliko vyote, chenye madirisha mawili ya ziwani. Mwisho chumba namba nne kilikuwa chupa tupu kutoka sakafuni mpaka dirishani, na familia zilizokiomba ziliambiwa kina wageni. “Wamekaa muda mrefu,” nilimwambia siku moja. “Wametulia,” akanijibu. “Hawaachi hata taa.”

Na makaa! Alitangaza vita na makala, ndivyo tunavyoyaita, maana milima ya nyuma ya mji ilikuwa imebaki upara kwa ajili ya mbabula zetu, yale majiko ya makaa. Akajenga jiko la udongo linalokula kuni kidogo, akanifundisha kutengeneza vidonge vya maganda ya muhogo na pumba, tukavianika kama maandazi. Vilitoa moshi wa kumlilia marehemu. Nilivumilia mwezi mmoja. Kisha nikaficha mbabula yangu nyuma ya banda la kuku, na siku za maharage nikapikia makala kwa siri. Alikula, akapangusa mdomo, akasema, “Leo vidonge vimejitahidi.” Mpaka leo sijui kama alijua. Lakini mimi nilijua lake. Kila Jumamosi, akiwa amefunga mlango, mwanamke huyu adui wa makala alijaza makala katika pasi ya chuma na kunyoosha nguo zake zote, na foronya, na hata vitambaa vya kufutia sahani. Nilipomfumania hakuona haya.

“Hii ni makala ya heshima,” alisema, akaendelea kunyoosha.

Namsimulia kwa kicheko kwa sababu ndivyo tulivyoishi naye. Sasa nifike kwenye lile ambalo hatukulicheka.

Ziwa lilianza kupanda. Kila mtu wa Kalemie anakumbuka miaka hiyo, jinsi maji yalivyokuja bila kelele, shubiri baada ya shubiri, yakala ufuo, yakaingia kwenye nyua, yakazihamisha familia za wavuvi pamoja na vyungu vyao. Kwetu yalichukua ua wa mbele, kisha ngazi mbili za baraza. Wageni waliona ni uzuri. Walikaa wakichovya miguu na kupigana picha. Direktrisi alichomeka kijiti mahali maji yalipofika, na kila asubuhi alikwenda kukitazama, na kila wiki alikirudisha nyuma.

Ilikuwa karibu na Noeli nilipomwaga ndoo chooni na maji hayakushuka. Yalizunguka, yakasimama, yakanitazama. Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya vyumba vya mbele, mahali lilipochimbwa shimo la choo. Udongo juu yake ulikuwa umelowa. Hatua chache tu kutoka hapo ziwa lilikuwa linapumua. Nikaelewa. Lile shimo halikuwa tena shimo. Ziwa lilikuwa limeingia kwa chini, na vilivyokuwa ndani vilikuwa vinatoka taratibu na kuingia majini. Na upande ule ule, pembeni mwa ukuta wetu, ndipo wanawake wa jirani walipochota maji ya kunywa. Sisi watu wa Kalemie hatuhitaji kuelezwa kipindupindu ni nini.

Nikamwita Direktrisi. Akatazama, akachuchumaa, akagusa udongo, akanusa vidole.

Nyumba ilikuwa inangoja familia moja kubwa ya Lubumbashi, watu kumi na mmoja, waliokwisha kuanza safari. Mimi nilikuwa nimewaagiza kuku na samaki, na wanangu walikuwa wanajua kwamba Noeli hii watakula vizuri. Kwa hiyo nikasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo.

“Direktrisi, tunyamaze kwanza. Wapite hawa wa Noeli, kiisha tutaangalia.”

Nilitegemea aniulize lile swali lake. Hakuliuliza. Alitazama ziwa, akatazama nyumba, akasema polepole, “Basi, tunyamaze.”

Tulinyamaza siku tatu. Asubuhi ya kwanza alikaa barazani na kitambaa chake na hakufuma. Ya pili hakuuliza mtu habari za taa. Niliwaona wanawake wakija na bidoni, madumu yao ya maji, wakivua viatu, wakiingia mpaka magotini, wakiinamia maji, nami nikarudi ndani kumenya viazi kwa bidii. Nilijiambia ziwa ni kubwa. Ni kubwa kweli.

Asubuhi ya tatu nilimsikia akifungua mlango wa pembeni. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kilichonyooshwa kama karatasi. Akateremka mpaka kwenye maji wanapochotea, akapiga makofi mawili, kama alivyozoea kunyamazisha darasa. Mimi nilisimama nyuma ya dirisha la jiko.

“Wamama, musichote hapa,” alisema. “Choo ya nyumba yangu imeingia katika hii maji.”

Wakacheka. Walifikiri ni mojawapo ya masomo yake.

“Sicheki. Shimo limefunguka. Ni siku tatu. Miye nilijua siku tatu na sikuwaambia.”

Kicheko kikaisha. Mama Neema, mke wa mvuvi aliyetoka ufukwe wa kaskazini, ndiye aliyekuwa majini na bidoni iliyojaa. Alikuwa na mtoto mgongoni. Akatoka polepole, akaja mpaka mbele ya Direktrisi, akaigeuza bidoni, akaimwaga yote juu ya miguu yake.

“Weye njo ulimukataza hata pasta kuoga humu,” alisema. “Wewe!”

Direktrisi hakusogeza miguu. Alisema, “Njo vile, Mama. Ni miye.”

Ni miye. Hakusema ni sisi. Nilikuwa nyuma ya dirisha, umbali wa kurusha jiwe, na wazo la kunyamaza lilikuwa langu, na hakugeuka hata kutazama jikoni. Nami sikutoka.

Mchana ule alipiga simu kwa wale wa Lubumbashi, akawaambia kisa chote bila kukipamba, akawatafutia mahali pengine mjini. Akafunga vyumba vyote. Akatembea nyumba kwa nyumba ufukweni kuwaambia watu wachemshe maji, na nyumba nyingine zilimfungia mlango usoni. Kisha wakaja wanaume wa kumwaga chokaa shimoni na kuhamisha kilichowezekana kuhamishwa mpaka juu, mbali na maji. Vile vyumba viwili vya mbele, ambavyo wageni walivigombania, alivibomoa mwenyewe akisimamia kila tofali, maana ziwa lingevifikia tu, na alitaka vyoo vyake viondoke kabla ya maji kuvifuata. Mji ukapata jina jipya la nyumba yake. Waliiita Hoteli ya Choo. Madereva wa pikipiki walilipigia kelele wakipita.

Na mimi nilimkasirikia. Nilirudi kubeba beseni kichwani, nikawaambia watu kwamba kiburi chake kimenitoa kazini, kwamba mtu wa akili angengoja wiki moja tu. Nililisema kwa nguvu sana, kama mtu anavyosema jambo asiloliamini. Sikupita mbele ya nyumba yake kwa miezi mingi. Nilipanda njia ya juu, ndefu, yenye vumbi, na beseni langu.

Ni yeye aliyekuja. Alinikuta nyumbani naanika samaki, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

“Nilikukosea,” alisema. “Nilipaswa kukuambia weye mbele ya kuwaambia wale. Ulikuwa na watoto wa kulisha.”

Nilitaka kumwambia la kwangu. Midomo ilifunguka, na kilichotoka ni, “Utakula?” Akala. Kesho yake nilirudi kazini.

Ndipo tulipojenga vile vyoo vya juu, karibu na ukuta wa mlima, vyoo visivyotumia maji kabisa. Mtu anamaliza haja yake, anamwaga kopo la majivu, anafunika. Baada ya miezi vilivyomo vinakuwa udongo mweusi usio na harufu. Direktrisi alivipenda vyoo hivyo kupita kiasi. Aliwaeleza wageni wakiwa mezani. Aliwaeleza wakiwa na kijiko mdomoni. Nilimwomba angalau angoje wamalize samaki. Wageni wa kwanza waliokubali kurudi walikuwa wachache, na walikuja wakiwa wamefunga pua kwa kusikia tu. Walipoona hakuna nzi wala harufu wakatulia. Hata yule mhandisi wa Kabimba alirudi. Alikaa ndani muda mrefu, akatoka akasema hajawahi kuwa na choo chenye mandhari ya ziwa namna hiyo, na kwamba atamwambia mkewe wajenge cha aina hiyo. Hatukuwa tena na vyumba vinne. Tulikuwa na viwili, na cha wageni kimoja tu, kwa kuwa namba nne bado ilikuwa na wenyewe.

Miguu yake ilianza kuvimba, na binti yake akamchukua akae naye mjini, juu, karibu na stesheni. Nyumba aliniachia mimi kuiendesha. Kila wiki alinipigia simu kuniuliza habari za pipa, na kila wiki nilimjibu kama mwanafunzi.

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita aliniita. Nilimkuta amevaa, amekaa ukingoni mwa kitanda, fimbo mkononi. Alikuwa amepungua, lakini kitenge kilikuwa kimenyooka.

“Unipeleke kwa Mama Neema,” alisema.

“Direktrisi, ni mbali, na miguu hii.”

“Kuna jambo sikumuuliza. Ile wiki. Nilikuwa naogopa jibu, na sasa naona nitakufa bila kuuliza.”

Tulishuka kwa pikipiki mbili, yeye akikaa kiupandeupande na kumwambia dereva apunguze. Mama Neema alikuwa uani akitengeneza wavu. Tangu siku ya bidoni hawakuwa wamesalimiana. Alituona, hakuinuka, lakini alisukuma kigoda kwa mguu. Direktrisi akaketi. Kwa mara ya kwanza nilimwona hajui aanzie wapi.

“Mama Neema. Ile Noeli ya choo. Kuko mutoto aligonjwa?”

Mama Neema aliendelea na wavu wake kidogo.

“Huyu aligonjwa,” akasema, akaonyesha kwa kidevu msichana aliyekuwa akiosha vyombo, mkubwa sasa, mwenye meno ya mbele yanayoota. “Tumbo, siku nne. Tulimupeleka kwa dokta. Alipona. Kama ni maji yako, kama ni maembe mabichi, sijue. Hapa watoto wanagonjwa kila mwaka.”

Direktrisi alimtazama yule msichana. Akaishika fimbo kwa mikono miwili. “Pole,” alisema. “Pole, Mama.”

Nikasema, “Mama Neema, miye pia nilijua. Miye njo nilimwambia tunyamaze.”

Direktrisi alinitazama kwa hasira, kama mtu aliyeharibiwa kazi yake safi.

“Nilijua,” Mama Neema alisema. “Nilikuona dirishani.”

Akaweka wavu chini, akajipangusa mikono. Kisha akainuka na kusema kwa sauti ya mtu mwenye shughuli, “Sasa muko hapa, mukuje muone. Maji imefika karibu na choo yetu. Mume wangu anataka kuchimba ingine pale pale. Mutuonyeshe ile yenu ya majivu.”

Lo! Direktrisi alisimama bila kushikwa mkono. Alizunguka ua wote, akauliza upepo unatoka wapi, akauliza mvua inapita wapi, akaanza kueleza habari ya majivu kutoka mwanzo kabisa, mpaka Mama Neema akamwambia, “Polepole, Direktrisi, hapa si darasa.” Tukahesabu hatua kutoka majini, mimi kwa miguu yangu, yeye akihesabu kwa sauti nyuma yangu na kunisahihisha. Tulipofika thelathini akasema inatosha, akachomeka fimbo yake mchangani.

“Hapa njo muzuri.”

Mama Neema aliitazama ile fimbo. Akatazama ziwa, ambamo mumewe anavua samaki na ambalo lilikuwa limekwisha kumhamisha mara mbili. Akaing'oa, akapanda nayo mlimani hatua nyingine kumi, akaichomeka tena.

“Bado linapanda,” alisema.

Nilimgeukia Direktrisi, nikisubiri somo. Alikuwa amesimama bila fimbo, amenishika bega, anapumua kwa shida. Alipima kwa macho kutoka majini mpaka pale juu, akarudia kupima.

“Muiache pale,” akasema. “Pale njo pake.”